Televisheni ya Kijiji Isikike Mpaka Nyuma



Siku hizi televisheni imefika vijijini. Zamani ilikuwa kitu cha mjini. Tanzania Bara ilianza kupata vituo vya televisheni mwaka 1994. Hata wakati huo wengi wetu hatukuviona, kwa sababu hatukuwa na umeme. Leo utaona paneli ya umeme wa jua juu ya bati la ofisi ya kijiji, juu ya duka, na juu ya nyumba za wananchi. Chini ya paneli kuna betri. Karibu na betri kuna televisheni.

Hilo ni jambo jema. Mimi ni Bwana Shamba katika mkoa wa Dodoma. Nimeona jinsi televisheni inavyosaidia kazi yangu. Mkulima akiona kwa macho yake namna ya kuanika mahindi, huelewa upesi kuliko akielezwa kwa maneno tu. Lakini televisheni ina mambo mawili, yaani picha na sauti. Picha ikionekana na sauti isisikike, mtu anaweza kujifunza jambo ambalo halikufundishwa. Nitawaeleza lililotokea katika kijiji kimoja, na jinsi tulivyolitengeneza.

CHUMVI NDANI YA GUNIA

Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2016. Mwaka huo watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumukuvu ni sumu inayotokana na ukungu. Mahindi yakihifadhiwa kabla hayajakauka vizuri, ukungu huota. Sumu yenyewe haionekani kwa macho wala haina harufu. Kupika hakuimalizi. Huharibu ini.

Kwa hiyo tunawafundisha wakulima kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka ghalani. Iko njia rahisi ya kuyapima. Chukua chupa kavu yenye kifuniko. Tia chumvi kavu kidogo. Tia mahindi mpaka yafike theluthi ya chupa. Funga, kisha tikisa kwa dakika chache. Acha chupa itulie. Kama chumvi imeshika kwenye ukuta wa chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi. Yaanike tena. Kama chumvi haikushika, mahindi yanakaribia kuwa tayari. Hata hapo, ni vizuri uyaanike siku moja au mbili zaidi kwa uhakika.

Tulionyesha filamu ya jambo hili katika ofisi ya kijiji. Watu walijaa. Siku nne baadaye nilipita nyumbani kwa mama mmoja mzee. Nilimkuta amefungua gunia la mahindi, ananyunyiza chumvi ndani yake.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, Bwana Shamba. Karibu. Unaona, nafuata mafundisho ya televisheni."

"Mama, chumvi hiyo ni ya nini?"

"Si tumeonyeshwa? Mahindi na chumvi vinatikiswa pamoja. Nikajua hiyo ndiyo dawa ya ukungu."

"Maelezo yake uliyasikiaje?"

"Mwanangu, sisi kule nyuma tuliona picha tu. Maneno waliyasikia waliokaa mbele."

Ndugu msomaji, fikiri jambo hilo. Chumvi huvuta unyevu. Chumvi katika gunia ingeyafanya mahindi yale yapate unyevu, na unyevu ungeleta ukungu. Mama yule alikuwa mtu mwenye bidii. Alikuja kwenye mkutano. Alitazama kwa makini. Akarudi nyumbani, akafanya kama alivyoona. Kilichokosekana ni maneno machache tu. Tulimwaga mahindi juu ya turubai, tukayapepeta kwa ungo mpaka chumvi ikatoka. Bahati njema lilikuwa gunia moja.

NANI HUKAA NYUMA?

Baada ya siku ile niliangalia jinsi watu wanavyokaa mbele ya televisheni. Watoto hukaa chini, mbele kabisa. Vijana hufuata. Wanaume hukaa kwenye mabenchi ya katikati. Akina mama hufika mwisho, kwa kuwa wametoka kuteka maji au kupika. Hukaa kwenye mikeka, nyuma, karibu na mlango. Wazee wengi hukaa huko pia, ili waweze kutoka bila kusumbua watu.

Sasa jiulize. Nani huanika mahindi? Nani huyapukuchua? Nani hupima unga wa kupika? Mara nyingi ni akina mama. Basi wale wanaohitaji maneno yale kuliko wengine ndio waliokuwa hawayasikii.

KWA NINI SAUTI NI HAFIFU?

Televisheni za zamani, zile za kichogo, zilikuwa na sanduku kubwa. Ndani yake palikuwa na nafasi ya spika nzuri. Spika nyingi zilitazama mbele, kwa watu. Televisheni za siku hizi ni bapa na nyembamba. Spika zake ni ndogo. Nyingi hutazama chini au nyuma, ukutani. Sauti hugonga ukuta kwanza, ndipo ije kwa msikilizaji. Nyumbani, kwa watu watano, inatosha. Katika chumba cha watu themanini haitoshi.

Wengine huongeza sauti ya televisheni mpaka mwisho. Hiyo haisaidii. Spika ndogo ikilazimishwa hukwaruza. Waliokaa mbele huumia masikio, na waliokaa nyuma husikia kelele tu.

Lakini si lazima ununue televisheni nyingine. Sauti iliyomo ndani ya televisheni mara nyingi ni nzuri. Shida ni mahali inapotokea. Unaweza kujaribu mwenyewe. Tafuta tundu dogo la hedifoni pembeni au nyuma ya televisheni. Chomeka hedifoni, usikilize. Ukisikia maneno safi, sauti ni nzima. Inahitaji kutolewa kwa njia nyingine.

Kama televisheni yako haina tundu hilo, tazama nyuma ya king'amuzi. Ving'amuzi vilienea nchini tangu matangazo ya zamani yalipoanza kuzimwa tarehe 31 Desemba 2012, kuanzia Dar es Salaam. Ving'amuzi vingi vina matundu ya rangi nyekundu na nyeupe. Hayo ni matundu ya sauti.

VITU TULIVYOTUMIA

Kamati ya kijiji ilinituma kwa fundi redio mmoja anayefanya kazi mnadani. Ni mzee mpole, na meza yake imejaa redio mbovu. Nilimweleza shida yetu. Akacheka, akasema, "Bwana Shamba, vitu unavyovitafuta viko chini ya meza hii."

Alitoa spika mbili kutoka katika redio kaseti za zamani. Alitoa pia kidude kidogo cheusi chenye miguu mitano. Juu yake kimeandikwa TDA2003. Kidude hicho kilitengenezwa kwa ajili ya redio za magari. Ndiyo sababu kinafanya kazi kwa umeme wa betri ya volti 12. Fundi alikiunga pamoja na kapasita na rizista chache, akapata amplifaya. Amplifaya ni mtambo mdogo wa kukuza sauti. Aliongeza kifundo cha redio mbovu cha kuzungusha, ili tuweze kuongeza na kupunguza sauti.

Kidude kile hupata moto kikifanya kazi. Kwa hiyo fundi alikifunga kwa skrubu kwenye kipande cha bati nene la alumini, ili joto litawanyike. Bila bati hilo hakidumu.

Amplifaya hiyo hutoa wati 4 hivi. Mtu anaweza kusema ni kidogo. Kwa muziki wa harusi ni kidogo kweli. Kwa maneno ya mtu anayefundisha ndani ya chumba, inatosha.

Gharama yote, pamoja na ujira wa fundi, haikufika bei ya mbuzi mmoja.

KUCHAGUA SPIKA

Fundi alinifundisha kupima spika. Kwanza, tazama karatasi yake. Isiwe imepasuka wala kuliwa na mende. Pili, chukua betri moja ya tochi, ya volti 1.5. Gusisha nyaya zake kwenye miguu ya spika kwa mara moja tu, kisha ondoa. Spika nzima italia "tak". Isipolia, ni mbovu.

Tatu, angalia karatasi inaelekea wapi unapogusisha. Ikisukumwa nje, mguu ulioguswa na chanya ya betri ndio chanya ya spika. Weka alama hapo. Spika zote mbili ziungwe kwa namna moja, ili zisukume hewa pamoja.

Nne, soma namba iliyo nyuma ya spika. Utaona omu 4 au omu 8. Spika zetu zilikuwa za omu 8. Fundi aliziunga sambamba, yaani chanya zote mbili pamoja na hasi zote mbili pamoja. Zikiungwa hivyo huwa sawa na spika moja ya omu 4. Amplifaya nyingi ndogo huweza kuendesha omu 4 bila taabu.

Spika mbili za omu 4 zisiungwe hivyo bila kumwuliza fundi. Zitakuwa omu 2. Fundi alisema ni kama kufungua mabomba makubwa mawili katika tangi moja dogo. Maji hutoka mengi, lakini tangi huzidiwa. Amplifaya ikizidiwa hupata moto mkali na kuungua.

SANDUKU LA SPIKA

Spika isipokuwa na sanduku hutoa sauti nyembamba. Sababu yake ni hii. Karatasi ya spika inaposukuma hewa mbele, huvuta hewa nyuma. Hewa ya mbele na ya nyuma hukutana pembeni na kuuana. Sauti nzito hupotea. Sanduku huzuia hewa hizo zisikutane.

Seremala wetu alitengeneza masanduku mawili kwa mabaki ya mbao. Alikata tundu la duara upande wa mbele. Aliziba mianya yote kwa gundi. Ndani tuliweka vitambaa vikuukuu ili mbao zisivume. Mbele tulifunika kwa wavu wa dirisha, watoto wasitoboe karatasi.

KUUNGA NYAYA

Kazi ya kuunga ilifanywa na fundi. Nawaeleza ili mjue, na muweze kuikagua.

Televisheni hutoa sauti mbili, ya kushoto na ya kulia. Amplifaya yetu ina njia moja. Fundi hakuziunga nyaya za kushoto na kulia moja kwa moja. Kwanza aliweka rizista ya omu 1,000 katika kila waya, ndipo akaziunganisha. Pasipo rizista hizo, pande mbili za televisheni zingeshindana na zingeweza kuharibika.

Waya unaotoka kwenye televisheni kwenda kwenye amplifaya uwe mfupi. Uwe ule wenye wavu wa shaba ndani, unaokinga mvumo. Amplifaya ikae karibu na televisheni. Waya mrefu uwe ule wa kwenda kwenye spika, na usiwe mwembamba mno.

Waya wa chanya kutoka kwenye betri uliwekewa fyuzi ya ampea 2, karibu kabisa na betri. Nyaya zikigusana, fyuzi hukatika badala ya nyaya kushika moto.

MAMBO YA HATARI

Ndugu msomaji, tafadhali soma sehemu hii mara mbili.

Usifungue televisheni. Hakuna haja. Sauti tunaichukua kwenye tundu la nje. Televisheni ya kichogo ina umeme wa maelfu ya volti ndani yake. Umeme huo unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Unaweza kuua mtu. Ukitaka spika ya televisheni mbovu ya kichogo, mpelekee fundi.

Usibadilishe chanya na hasi ya betri. Amplifaya inaweza kufa mara moja. Tumieni waya mwekundu kwa chanya na mweusi kwa hasi.

Usiunge amplifaya moja kwa moja kwenye paneli ya jua. Wakati wa jua kali, paneli ya betri ya volti 12 inaweza kutoa zaidi ya volti 18. Unga kwenye betri.

Usiunge spika kwenye umeme wa ukutani hata kwa majaribio.

SAUTI KARIBU, SI SAUTI KUBWA

Tulipomaliza, vijana walitaka kuweka spika zote mbili mbele, moja kila upande wa televisheni. Wangepata kelele nzuri. Lakini shida yetu haikuwa kelele. Tuliweka spika moja mbele, chini ya televisheni. Ya pili tuliipeleka katikati ya chumba, ukutani, ikatazama mikeka ya akina mama. Tuliiweka kwa urefu wa kichwa cha mtu aliyekaa.

Mtu aliye mbali haitaji sana sauti kubwa. Anahitaji sauti iliyo karibu naye. Chumba chenye kuta tupu na paa la bati hurudisha mwangwi. Ukiongeza sauti, mwangwi nao huongezeka. Maneno hugongana. Kwa hiyo tulitundika mikeka miwili ukutani, nyuma. Mwangwi ukapungua. Mvua ikipiga juu ya bati, tunasimamisha filamu na kungoja. Hakuna amplifaya ndogo inayoshindana na mvua.

Televisheni tunaiweka sauti ya nusu. Kisha tunazungusha kifundo cha amplifaya polepole. Kijana mmoja husimama nyuma kabisa. Akiinua mkono, tunaacha hapo. Hatufuati masikio ya aliye mbele.

Tulionyesha tena filamu ya sumukuvu. Safari hii maswali yalianza kutoka nyuma. Mama yule mwenye gunia aliuliza, "Na kama chumvi yangu yenyewe imelowa?" Lilikuwa swali zuri kuliko yote. Chumvi iliyolowa hushika kwenye chupa hata kama mahindi ni makavu, na mtu hudanganyika. Nilijibu kwamba chumvi ianikwe juani, au ikaushwe kwenye kikaango kisha iachwe ipoe, kabla ya kupima. Mama mwingine aliuliza kama kipimo hiki kinafaa kwa nafaka nyingine. Hapo nyuma, miezi iliyopita, sikupata kusikia swali hata moja kutoka kwenye mikeka ile. Nilidhani, kama wengine walivyodhani, kwamba akina mama wa pale wana haya. Kumbe mtu hawezi kuuliza juu ya neno ambalo hakulisikia.

WAZEE WALIJUA JAMBO HILI

Kusikiliza pamoja si jambo geni kwetu. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi katika vijiji vingi walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kitabu. Redio ikizungumza, watu walikaa kimya. Ikinyamaza, walijadiliana na kukata shauri. Wakachimba vyoo. Wakafyeka majani karibu na nyumba ili kupunguza mbu.

Wazee hao hawakuwa na picha. Walikuwa na sauti na mazungumzo, na kazi ilifanyika. Sisi tuna picha nzuri za rangi. Tusikubali kupoteza sauti na mazungumzo. Filamu ikiisha, msizime tu na kwenda nyumbani. Mwulizeni aliyekaa mwisho kabisa ameelewa nini. Akieleza sawasawa, jueni kijiji kizima kimeelewa.

Mwisho, tutumie chombo hiki kwa adabu. Amplifaya ya kijiji isikeshe watu usiku. Isisumbue mgonjwa wala wanafunzi wanaosoma. Mtu mmoja apewe jukumu la kuitunza. Achunguze fyuzi, nyaya na betri kila wiki, na afunike spika zisiingie vumbi.

Ndugu wananchi, katika vijiji vingi kuna redio mbovu chini ya kitanda cha mtu. Kuna fundi mnadani. Kuna seremala mwenye mabaki ya mbao. Kamati ya kijiji ikikaa siku moja na kuwaita hao watatu, kazi inaweza kuanza kabla ya mavuno. Siku ya kujaribu, mwenyekiti asikae mbele. Akae kwenye mkeka, karibu na mlango, asikilize kutoka huko.